Muyaka bin Haji: Malenga Aliyetungia Baraza

Jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy ni miongoni mwa majina ya awali anayokutana nayo mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Hutajwa katika mihadhara ya mwaka wa kwanza kama malenga aliyeutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, kisha mhadhara huendelea na washairi wengine. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila imerudiwa mno hata imechakaa. Aghalabu haielezwi soko hilo lilikuwa la namna gani, walikuwapo watu gani, na walifanya nini pindi mtungo ulipowafikia. Maisha ya Muyaka yanatoa jibu. Yanamwonyesha mtunzi aliyeishi miongoni mwa watu waliokuwa na haki ya kumjibu, na ambaye kazi yake ilidumu kwa kuwa watu hao waliihifadhi vifuani mwao, hata baada ya watawala aliowatetea kuondoshwa na ngome yao kutwaliwa.

Mji Uliomlea

Muyaka alizaliwa Mombasa mnamo 1776. Mombasa ya wakati huo, ambayo wenyeji waliiita Mvita na ambayo malenga waliijua pia kwa majina ya kale ya Kongowea na Gongwa, ilikuwa mji wa kisiwani wenye Waswahili wa mataifa kumi na mawili. Matatu kati ya hayo, yaani Kilindini, Changamwe na Tangana, yaliitwa Thelatha Taifa. Tisa yaliyosalia yaliitwa Tisa Taifa. Kila upande ulikuwa na wazee wake, siasa zake na uhusiano wake na Mijikenda wa bara. Kwa hivyo mji ulikuwa mmoja kwa jina na lugha, lakini ulikuwa na nyufa ambazo mtawala yeyote alilazimika kuziangalia kwa makini.

Mbele ya bahari ilisimama Ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Waarabu wa Oman waliwatimua Wareno humo mwaka 1698, na baadaye utawala wa mji ukaangukia ukoo wa Mazrui, ambao watu wake walikuwa wameletwa kama maliwali wa watawala wa Oman. Katikati ya karne ya 18, ukoo wa Busaidi ulipotwaa madaraka huko Oman, Mazrui wa Mombasa walikataa kuutambua. Waliamua kuutawala mji kwa niaba yao wenyewe, kwa makubaliano na wazee wa mataifa kumi na mawili. Muyaka alizaliwa katika uhuru huo. Alipofikia utu uzima, kulikuwa na watu wengi Mombasa ambao hawakuwahi kuona utawala mwingine isipokuwa ule wa Mazrui. Jambo hili ni muhimu kwa msomaji wa mashairi yake ya siasa, kwa maana Muyaka hakuutetea ukoo huo kama mtumishi tu wa mabwana. Aliutetea kama mtu anayeutetea mji wake.

Masimulizi ya Mombasa yanamweleza kuwa mfanyabiashara ambaye mali yake ilipanda na kushuka. Mashairi yake yanaafikiana na masimulizi hayo, kwani yamejaa vyombo, matanga, upepo, nanga na mawimbi, na yanaizungumzia dhiki kama jambo lililomfika mwenyewe. Yapo ya mapenzi, ya ugomvi wa nyumbani, ya rafiki anayekukimbia ukifilisika, ya wivu, ya uzee na ya kutamani ujana uliokwisha kwenda zake. Ni mashairi ya mtu mzima aliyeishi katika mitaa yenye majirani wengi na siri chache.

Ushairi Kabla Yake

Muyaka hakuikuta lugha ikiwa haina fasihi. Katika mwambao wa kaskazini, hususan Pate na Lamu, kulikuwa na utamaduni wa maandishi uliokomaa. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani, ni wa mwaka 1728. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, inayotafakari maangamizi ya fahari ya Pate, ilitungwa na mtu ambaye Muyaka angeweza kukutana naye, kwani miaka yao ilipishana. Tungo hizo zilikuwa ndefu, zenye nia ya kidini na kimaadili, na watungaji wake walikuwa wanazuoni. Ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kughaniwa mbele ya watu waliokusanyika kwa heshima ili wasikilize.

Sambamba na tungo hizo, palikuwa na tungo nyingine ambazo hazikupata wanakili wengi. Zilikuwapo nyimbo za arusi, nyimbo za kazi, tungo zilizonasibishwa na Fumo Liyongo, na tungo za mafumbo zilizoandamana na ngoma ya gungu, ambapo mmoja alifumba na mwingine akatakiwa kufumbua. Kwa hivyo kusema kwamba ushairi wa kidunia ulianzishwa na Muyaka ni kutia chumvi. Alichofanya ni kuchukua uhai wa tungo hizo za uwanjani, kejeli zake, mafumbo yake na majibizano yake, na kuutia katika umbo la shairi lililosanifiwa kwa umakini uleule ambao wanazuoni waliutumia katika tenzi. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba shairi la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, lilikomaa mikononi mwake.

Baraza na Kanuni Zake

Neno baraza lina maana mbili zinazokamilishana. Ni kile kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba ya Mswahili, na pia ni mkutano wa watu wanaokaa hapo. Mwenye nyumba hakuhitaji kumkaribisha kila mpita njia ndani, ambako kulikuwa na faragha ya familia. Barazani ndiko wanaume walikozungumza baada ya swala, ndiko habari za vyombo vilivyotia nanga zilikosikika, na ndiko bei, ndoa, madeni na vita vilikojadiliwa. Shairi jipya lilipotungwa, lilikuwa habari kama habari nyingine. Lilisemwa, likarudiwa, likachukuliwa hadi baraza ya pili na ya tatu, na kabla ya siku kwisha likawa limefika mahali ambapo mtunzi wake mwenyewe hakukanyaga.

Ukilitazama umbo la shairi la Muyaka kwa mtazamo huo, mambo ambayo mwanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani huanza kuonyesha kazi yake. Mizani nane za ukwapi na nane za utao zinatosha pumzi moja ya msemaji. Kina cha kati na kina cha mwisho humsaidia msikilizaji kutambua kama neno limeachwa au limebadilishwa, kwa sababu mshororo uliokosewa hujifichua wenyewe. Mashairi mengi ya Muyaka ni mafupi sana, mengine ya ubeti mmoja tu, na ufupi huo uliyawezesha kushikwa na kumbukumbu kwa kusikilizwa mara moja au mbili. Vina na mizani, kwa hivyo, vilikuwa chombo cha kuhifadhia. Vililinda mtungo katika safari ya kutoka kinywa hadi kinywa jinsi ambavyo kifuniko hulinda maji ya mtungi.

Aidha, umbo hilo lilikuwa mwaliko. Aliyetaka kumjibu Muyaka alijua vina gani achukue, mizani ngapi atimize na neno gani aligeuze. Hakuhitaji cheo. Alihitaji ufundi, na waliokuwapo walikuwa mahakimu. Jibu lililopungua mizani lilichekwa, na lililokuwa na hoja dhaifu lilisahauliwa. Kwa sababu hiyo, mengi ya mashairi ya Muyaka husomeka kama nusu ya mazungumzo. Huanza ghafla, humtaja mtu bila kumtambulisha, hurejelea tukio ambalo kila aliyekuwapo alilijua. Fumbo lilikuwa silaha katika mazungumzo hayo. Neno moja liliweza kubeba maana mbili au tatu, moja ya wapita njia na nyingine ya mlengwa, na mlengwa akikasirika alikuwa amekiri mbele ya watu kwamba fumbo limempata.

Maandishi nayo yalikuwapo, na haitakuwa sawa kumchora Muyaka kama malenga wa midomo pekee. Hata hivyo, hati za Kiarabu jinsi zilivyotumiwa zamani kuandikia Kiswahili hazikutofautisha baadhi ya sauti za lugha hii. Irabu e na i ziliandikwa kwa alama moja, na vivyo hivyo o na u. Msomaji aliyeshika karatasi bila kuwahi kuusikia mtungo aliweza kubabaika kati ya maneno mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo hata shairi lililoandikwa lilimtegemea mtu aliyelisikia. Karatasi ilimkumbusha anayejua, nayo baraza ndiyo iliyomjuza.

Shela na Majibu ya Lamu

Majibizano hayakuishia katika mitaa ya Mombasa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mazrui wa Mombasa walikuwa wameshirikiana na Pate, na wote wawili walikabiliana na Lamu. Mnamo 1812 au 1813, jeshi la Mombasa na Pate liliteremka katika mchanga wa Shela, karibu na mji wa Lamu. Vita viliwageukia. Walipokimbilia vyombo vyao, walikuta maji yametoka na vyombo vimekwama mchangani, na wengi waliuawa ufukweni hapo.

Vita hivyo vilikuwa pia vya mashairi, kabla ya mapigano na baada yake. Lamu ilikuwa na malenga wake, Bwana Zahidi Mngumi, mmoja wa wazee wa mji, ambaye tungo zake ziliwahimiza watu wake wasimame imara na zikawajibu wapinzani. Upande wa Mombasa ulikuwa na Muyaka, ambaye tungo zake dhidi ya Lamu zina vitisho, kejeli na majivuno ya Mvita. Shairi lilivuka bahari pamoja na abiria na barua, likasomwa barazani katika mji wa adui, na likarudishiwa jibu. Inapasa kukumbukwa kwamba pande hizi mbili zilielewana kikamilifu kwa lugha, licha ya mmoja kutumia Kimvita na mwingine Kiamu. Uadui wao ulihitaji sikio la pamoja. Mtu hamtukani kwa shairi la mizani kumi na sita mpinzani asiyeweza kuzihesabu.

Kushindwa kwa Shela kulileta matokeo ambayo yangeamua maisha yote ya Muyaka yaliyosalia. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, waliomba ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Oman. Naye aliukubali mwaliko huo kwa furaha, kwani ulimpa mahali pa kutia mguu katika mwambao ambao ukoo wake uliudai kwa muda mrefu.

Kibaba, Deraya na Baruti

Mwaka 1814, Abdallah bin Ahmad al-Mazrui alishika uliwali wa Mombasa. Masimulizi yanamweka Muyaka karibu naye, kama rafiki na mshauri zaidi ya msifu wa kulipwa. Inasimuliwa katika historia ya Mombasa kwamba Sayyid Said alipotaka liwali huyo mpya adhihirishe utii wake, Abdallah alimpelekea zawadi ya ajabu: deraya, kibaba, baruti kidogo na risasi. Hakuna maneno yaliyohitajika. Mombasa ilikuwa imejibu kwa fumbo, na fumbo hilo lilifumbuliwa Maskati bila taabu. Tukio hilo linaonyesha kwamba lugha ya mafumbo haikuwa mchezo wa washairi peke yao. Ilikuwa lugha ya siasa ya mji mzima, na Muyaka alikuwa fundi wake mkuu.

Tangu hapo kitanzi kilianza kukazwa. Katika miaka ya 1822 na 1823, majeshi ya Sayyid Said yaliiondoa Pate na Pemba katika mikono ya Mazrui na washirika wao. Kupotea kwa Pemba kulikuwa pigo kubwa, kwa kuwa kisiwa hicho ndicho kilichoilisha Mombasa nafaka. Abdallah bin Ahmad alifariki mwaka 1823. Mwaka uliofuata Mazrui walitafuta kinga ya Waingereza, na Nahodha Owen akaipandisha bendera ya nchi yake Mombasa bila idhini kamili ya serikali yake. Kinga hiyo iliondolewa mwaka 1826. Mwaka 1828 Sayyid Said alikuja mwenyewe na manowari zake, akapata mapatano, akaacha askari wake Ngomeni. Baada ya kuondoka kwake, Liwali Salim bin Ahmad na watu wa mji waliwazingira askari hao mpaka wakatoka. Sayyid Said alirudi kushambulia zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata, na hakufanikiwa.

Hiki ndicho kipindi cha mashairi ya Muyaka ya siasa yanayojulikana zaidi. Yamo yanayomkejeli Sayyid Said na kuwachekelea wanajeshi wake waliorudi mikono mitupu. Yamo yanayousifu mji kwa ushupavu wake na kuyakumbusha mataifa mengine kwamba Mvita haijaingilika kwa urahisi. Yamo pia, na haya ndiyo yanayomtenga na wasifu wa kawaida, mashairi ya kuwaonya watu wake wenyewe. Muyaka aliziona zile nyufa. Aliwaambia wasikilizaji wake barazani kwamba hatari haikuwa katika mizinga ya Maskati pekee. Ilikuwa pia katika ndimi zilizoanza kusema mambo mawili, moja hadharani na jingine faraghani. Msifu wa kawaida huusifu upande wake ili apendwe. Muyaka aliukaripia upande wake mbele ya watu, katika mji ambao kila aliyelengwa alimjua na aliweza kumrudi.

Ngome Yaanguka

Onyo lake halikuzuia lililokuwa likija. Salim bin Ahmad alifariki mwaka 1835, na kifo chake kikafungua ugomvi wa urithi ndani ya ukoo wa Mazrui. Baadhi ya wazee wa Mombasa, hususan wa upande wa Kilindini, walichoshwa na ugomvi huo na wakamwita Sayyid Said. Mwaka 1837 mji uliangukia mikononi mwake bila vita vikubwa. Ngome ambayo mizinga ilishindwa kuifungua ilifunguliwa kwa mashauriano na ahadi. Baadaye wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila na kusafirishwa kwa jahazi, wengine hadi Bandar Abbas huko Uajemi, na hawakuonekana tena Mombasa. Waliosalimika walihamia Takaungu na Gazi.

Muyaka alikuwa na umri wa miaka sitini na moja hivi. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuutetea uhuru wa mji wake aliishi kuuona ukikabidhiwa na watu aliokaa nao barazani. Hakukuwa na jela ya washairi iliyomsubiri, wala masimulizi hayamtaji kuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Alibaki Mombasa chini ya bendera aliyoikejeli, na akafariki mnamo 1840. Miaka minne baadaye, Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa na kuanza kuandika msamiati wa Kiswahili kwa hati za Kilatini. Muyaka alikwisha kuondoka kabla ya kalamu hiyo kufika.

Vifuani na Karatasini

Kwa takriban nusu karne baada ya kifo chake, sehemu kubwa ya kazi ya Muyaka iliishi bila kitabu. Watawala aliowatetea hawakuwapo kuihifadhi, na watawala wapya hawakuwa na sababu ya kuitunza. Iliendelea kuishi kwa kuwa watu wa Mombasa waliendelea kuisema: wazee kwa vijana, majirani kwa majirani, na pengine wajukuu wa wale waliotukanwa ndani yake. Hapa ndipo ile kazi ya vina na mizani ilipodhihirika. Mtungo uliosanifiwa ili uvuke kutoka baraza moja hadi nyingine ulivuka pia kutoka kizazi kimoja hadi kingine.

Katika miaka ya 1880, mmishenari Mwingereza William Taylor, ambaye alikimudu Kimvita kwa kiwango kilichowashangaza wenyeji, alianza kukusanya mashairi na methali za Mombasa. Kazi hiyo isingewezekana bila Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanazuoni na mshairi wa Mombasa, ambaye aliyajua mashairi ya Muyaka, aliyatafuta kwa watu wengine na kuyaandika. Zaidi ya hayo, alieleza mazingira ya baadhi yake: nani alilengwa, tukio gani lilikuwapo, neno gani lilikuwa na maana ya pili. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Laiti angefariki miaka kumi kabla ya hapo, huenda Muyaka angekuwa leo jina tu katika masimulizi, kama walivyo malenga wengi wa zama zake.

Hati za Taylor hatimaye zilihifadhiwa London. Kutokana nazo William Hichens aliihariri Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1940, yaani karne moja baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwenyewe mwana wa Mombasa, alichapisha uchunguzi wake mpana wa mashairi hayo pamoja na tafsiri na maelezo ya kihistoria. Ni kwa vitabu hivi viwili ambapo Muyaka aliingia darasani.

Kuingia huko kulikuwa na faida na hasara. Faida ni dhahiri. Hasara ni kwamba kitabu humwonyesha mtunzi mmoja juu ya jalada, ilhali mashairi yenyewe yalizaliwa kati ya watu wengi. Baadhi ya majibu na majibizano yamehifadhiwa, lakini waliocheka, waliokasirika, waliorekebisha neno na waliolipeleka shairi mtaa wa pili hawana majina. Pale ambapo maelezo ya Mwalimu Sikujua hayapo, msomaji wa leo hubaki na ubeti mmoja wenye vina kamili na maana iliyofungwa, mithili ya mtu anayesikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu. Ugumu wa Muyaka ambao wanafunzi huulalamikia hautokani na msamiati wa Kimvita peke yake. Unatokana pia na baraza iliyonyamaza.

Urithi

Katika miaka ya 1970, mgogoro wa ushairi ulipopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, watetezi wa vina na mizani walimtaja Muyaka kama mmoja wa mashahidi wao. Walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Hata hivyo, maisha yake hayaungi mkono upande mmoja kwa wepesi unaodhaniwa. Yeye mwenyewe alichukua fani iliyoheshimiwa kwa mambo ya dini na kuitumia kuzungumzia mke, deni, chombo kilichozama na mtawala anayeingilia mji wa watu. Hakushika vina kwa sababu vilikuwa vya kale. Alivishika kwa sababu viliwawezesha wasikilizaji wake kushika, kurudia na kujibu. Anayetaka kumfuata Muyaka, awe mwanamapokeo au mwanausasa, ana swali moja la kujiuliza kabla ya lile la mizani: nani atalishika shairi hili, na atalijibu vipi?

Mombasa yenyewe haikuliacha swali hilo. Ahmad Nassir Juma Bhalo na Abdilatif Abdalla, waliozaliwa katika mji huo katika karne ya 20, waliendeleza shairi la Kimvita lenye kusema na jamii yake, na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973, ilitungwa gerezani na mtu aliyefungwa kwa sababu ya siasa. Vyuoni na mijini, mikutano ya kusoma mashairi hadharani imekuwa jambo la kawaida. Kijana husimama mbele ya kipaza sauti, husoma alichotunga, hupigiwa makofi, kisha huketi ili mwenzake apande jukwaani. Mikutano hiyo ni mizuri na inastahili kuenziwa. Ila msikilizaji wa barazani enzi za Muyaka angeona kuna kitu kimepungua. Angemsubiri mtu wa pili asimame, achukue vina vya yule wa kwanza, na kumjibu.

Ngome ya Mombasa ingali imesimama, nayo ni makumbusho yanayotembelewa na wageni wa kila namna. Mazrui waliotawala humo, maliwali wa Sayyid Said waliowafuata, na Waingereza walioigeuza kuwa jela, wote wamepita. Muyaka hakuwa na ngome. Alikuwa na majirani wenye masikio makali na kumbukumbu ndefu, na hao ndio waliomfikisha hapa.